Mpaka Unapopita Kwenye Mikorosho

Januari 2022 serikali ilitangaza bei mpya za kuunganishiwa umeme. Aliye kijijini, shilingi 27,000. Aliye mjini, kama nguzo iko jirani na haihitajiki nyingine, 320,960. Akihitaji nguzo moja, 515,618. Kelele zake mnazikumbuka. Huku kusini zilikuwa na ladha ya peke yake, maana ndiyo siku watu wengi walipojua kwa uhakika kama wao ni wa mji au wa kijiji. Unakaa nyumba ya udongo, bati umeezekea fedha za korosho, mbele mikorosho, nyuma mihogo, maji unafuata kisimani, halafu unaambiwa wewe ni mtu wa mjini, lete laki tatu na ushee. Jirani yako ng'ambo ya barabara ya vumbi, ambaye mwanawe na wako wanakaa dawati moja, yeye ni wa kijijini. Elfu ishirini na saba zake zinatosha.

Barabara hiyo ya vumbi, kwetu, ni mpaka wa halmashauri mbili.

Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyosema wote. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika: jina, kilo, daraja. Nimeishi kijijini na nimeishi mjini bila kuhama nyumba, kwa sababu kilichohama ni mpaka. Kijiji chetu sitakitaja, wala halmashauri zake mbili. Walio Mtwara na Lindi watabuni, na wakibuni vibaya haidhuru, habari zenyewe zinafanana.

Ramani ya utawala ya huku inataka mwalimu. Wilaya ya Mtwara peke yake ina halmashauri tatu: Manispaa ya Mtwara Mikindani, Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na Halmashauri ya Mji wa Nanyamba iliyomegwa kutoka hiyo ya pili mwaka 2015. Masasi kuna ya mji na ya wilaya. Newala vilevile. Ongeza Tandahimba na Nanyumbu, mkoa unafikisha halmashauri tisa. Na mtu asidhani kuitwa mji ni kuwa na maghorofa. Shuka Nanyamba ukitokea Mtwara, pita senta na maduka yake, utajikuta kwenye vijiji na mikorosho kama kawaida. Kwa upande mwingine Naliendele, kilipo kituo cha utafiti wa korosho, iko ndani ya manispaa. Lindi nako hawakubaki nyuma. Kata za upande wa Mchinga zilitolewa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi zikapelekwa Manispaa ya Lindi, na kilichobaki cha halmashauri ile kikapewa jina la Mtama. Mvuvi wa Mchinga alilala mwanakijiji akaamka mkazi wa manispaa, na ngalawa yake palepale alipoifunga.

Tabia hii ya kuchora mji kwanza na kutafuta watu baadaye ina historia hapa. Mtwara yenyewe ilichorwa mezani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walitaka karanga za Nachingwea, wakaona Lindi haina kina cha maji cha kuridhisha, wakajenga bandari mpya Mtwara na reli ya kuipelekea mizigo. Mpango wa karanga ulianza 1947 na haukufika mbali. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zikabaki barabara pana, viwanja vilivyopimwa, na mji mkubwa kuliko wakazi wake. Mikindani, mji wa kale wenye majumba ya mawe, ukageuka mkia wa mji mpya. Wazee waliokuwa na mashamba pale katikati walikwenda wapi? Wajukuu wao wako nje ya mji, na mji unawafuata tena.

Sasa niseme kilichonifanya niandike, kwa sababu habari ya umeme ni mlango tu.

Kwa sheria zetu halmashauri ya kijiji ni mtu kamili. Inaweza kushitaki na kushitakiwa, kumiliki mali, kuingia mkataba. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haigawi ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Rais akitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya matumizi mengine, na eneo halizidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Soma tena hapo. Watu wenye miaka kumi na minane na zaidi, wamekaa chini ya mwembe, wengine wamekuja na vijembe vyao, wana nguvu ya kukataa.

Kijiji kikifutwa na kuwa mtaa, nguvu hiyo inakwenda. Mtaa una mwenyekiti, una kamati, una hata mkutano wake. Lakini hauna ardhi. Ardhi inakuwa ya jumla, msimamizi wake ni mkurugenzi na idara yake ya ardhi, na mwananchi anabaki na haki yake kama mtu mmoja mmoja, akishika karatasi yake kama anayo. Hati ya kimila aliyoipata kijijini inapaswa kutafutiwa namna nyingine. Fidia italipa mikorosho, italipa nyumba, italipa usumbufu na usafiri na pango la muda. Nimezipitia fomu za tathmini mara nyingi kwa niaba ya watu wasioona vizuri, na sijawahi kukuta mstari wa kulipia mkutano uliopotea.

Sisi hatukuulizwa hivyo. Tulichoulizwa, kwenye kikao kilichohudhuriwa vizuri kwa sababu palikuwa na soda, ni kama tunataka maendeleo. Nani atasimama akatae maendeleo? Muhtasari ukapanda kata, ukaenda baraza la madiwani, ukaenda kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa, huko juu TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, wakamaliza. Utaratibu wote ulifuatwa. Hilo nalisema kwa haki. Hakuna aliyetuibia muhuri.

Mwenyekiti wetu wa mwisho wa kijiji alikabidhi muhuri ule ukiwa umefungwa kwenye kitambaa. Nilimuuliza baadaye, "Mjomba, uliwaambia watu ardhi inatoka mikononi mwao?" Akanitazama. "Mwanangu, mimi mwenyewe niliambiwa itapanda bei."

Na kweli ilipanda.

Hapa inabidi nikae kidogo kwenye habari ya shamba, kwa sababu wanaotoka nje wanadhani shamba ni ekari na mwenye ekari. Kwetu shamba la mikorosho lina tabaka. Ardhi kwa desturi ilifuata ukoo wa mama; kijana alipewa eneo na mjomba wake, si lazima baba. Juu ya ardhi kuna mikorosho, na mkorosho ni wa aliyeupanda, hata kama amepanda kwenye eneo la mwenzake kwa makubaliano. Halafu kuna rehani. Mtu ameuguliwa au ana mtoto wa kupeleka shule, anaweka mikorosho yake rehani kwa misimu kadhaa. Aliyemkopesha ndiye anayeokota korosho mpaka deni liishe. Chini ya miti kuna shangazi anayelima mbaazi na njugu mawe kwa sababu hakuna aliyewahi kumkataza. Shamba moja, watu wanne, na hakuna ugomvi. Kukiwa na ugomvi, kijijini kuna baraza la kuusikiliza na wazee wanaojua nani alipanda nini mwaka gani.

Anakuja mthamini. Yeye anataka jina moja, picha moja ya mtu ameshika kibao chenye namba, akaunti moja ya benki. Simlaumu, fomu yake ndivyo ilivyo. Lakini siku ile ya kupigwa picha ndiyo siku koo zinapovunjika. Kwenye ukoo mmoja ninaoujua, aliyepigwa picha ni kijana aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Wenzake walikuwa Tandahimba kwenye kilio.

Likong'o wanaelewa ninachosema. Hapo ni ndani ya Manispaa ya Lindi, wavuvi na wakulima watupu, na ndipo palipochaguliwa kujengwa mtambo wa kuchakata gesi asilia kuwa kimiminika. Ardhi ilitengwa katikati ya muongo uliopita. Fidia, zaidi ya shilingi bilioni 5, ikaja kulipwa 2020. Katikati hapo kuna miaka ambayo mtu hajui apande mkorosho au asipande, aezeke au asubiri. Mkorosho huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa, na miaka zaidi kuzaa vizuri. Mwenye shamba anayesubiri miaka mitano amepoteza bustani nzima ambayo haikuwahi kupandwa, na mti ambao haukupandwa hauhesabiwi.

Kwetu haukuja mtambo wowote wa gesi. Walikuja vijana wa mipango miji na kamba na mawe ya mpaka. Mmoja, mpole sana, alinikuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu mwanangu."

"Mzee, hapa kwako panapita barabara ya mita kumi na mbili."

"Inatoka wapi inakwenda wapi?"

"Inatoka Kitalu B inakwenda Kitalu C."

"Kitalu C ni wapi?"

Akageuka akanyoosha kidole kwenye mikorosho ya mama mmoja mjane ambaye hata siku moja hajaita pale Kitalu C. Mkataba wetu ulikuwa huu: halmashauri haina fedha ya kutufidia, kwa hiyo shamba likatwe viwanja, mwenye shamba abaki na sehemu, halmashauri ichukue sehemu iuze kufidia gharama za upimaji, na barabara zitoke bure. Mpango kama huo si wizi. Wengine umewatajirisha. Lakini ni mpango wa mtu mwenye fedha za kusubiri wanunuzi, na wanunuzi wanakuja polepole kuliko ada ya shule.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini halmashauri ya mji ina njaa ya viwanja namna hii, na jibu nililolipata halikuwa la kuwachukia watu wa mjini.

Kabla ya 2016 chanzo ambacho mji wowote ulikitegemea ni kodi ya majengo. Mwaka huo ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Baadaye ushuru wa mabango nao ukafuata njia hiyo. Kuanzia 2021 kodi ya majengo ikawa inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla; nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ikawa inapita juu kwa juu bila mkurugenzi kuigusa. Mji ukabakiwa na leseni, stendi, soko, machinjio, ushuru wa huduma, na kitu kimoja ambacho hakuna aliye Dodoma anayeweza kukikusanya kwa niaba yake: kupima viwanja na kuviuza. Mkurugenzi anapangiwa lengo la mapato ya ndani. Anapimwa kwa lengo hilo. Akitazama huku na huku, ndani ya mji viwanja vimekwisha. Vilivyobaki viko kwenye ardhi ya vijiji vinavyomzunguka. Ndivyo mpaka unavyoanza kutembea.

Nakataa kabisa ile hadithi ya redio, kwamba mji ni mlafi na kijiji ni mnyonge. Mji umenyang'anywa sahani yake na mkubwa, nao ukanyoosha mkono kwenye sahani ya mdogo. Wanaogombana barazani ni madiwani wa pande mbili, na mkubwa hayupo hata kwenye kikao.

Kijiji nacho kinakula nini? Huku kwetu jibu ni korosho, na baada ya korosho, korosho. Halmashauri ya wilaya inachukua ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara tangu 2017; kabla ya hapo ilikuwa 5. Tani moja ikiuzwa mnadani kwa shilingi 3,000 kwa kilo, ushuru ni 90,000. Ukizidisha kwa tani za Tandahimba na Newala unapata halmashauri inayoweza kujenga madarasa bila kuomba mtu. Ukigawanya kwa mwaka wa ukame au wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unapata halmashauri inayoshindwa kuweka mafuta kwenye gari la wagonjwa. Yote inategemea mti mmoja.

Watu wa nje hawajui kwamba ushuru huo haufuati mkorosho ulipo. Unafuata ghala ulipopimiwa mzigo. Mkulima wa mtaa ulio ndani ya manispaa akipeleka korosho zake AMCOS ya ng'ambo kwa sababu wanalipa haraka, ushuru unaingia halmashauri ya wilaya. Mtu wa kangomba aliyenunua kwa bakuli na kwa bei ya kutupa wakati wa shida za masika, akibeba magunia usiku kwa bodaboda kuvuka mpaka, amehamisha mapato ya serikali kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, na hana habari. Nimekaa kwenye mzani nikiandika majina ya watu ambao najua hawana mkorosho hata mmoja. Wakuu wa pande zote mbili wakija kukagua wanatazama kilo tu.

Kisha kuna yaliyotoka juu. Fedha za ushuru wa kusafirisha korosho nje, asilimia 65 zake zilikuwa zinarudi kuendeleza zao: pembejeo, utafiti, miche. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walisimama bungeni wakapinga, hawakushinda. Miezi michache baadaye wanunuzi wakasusa minada kwa bei, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Msimu huo nilishuhudia askari vijana wakijifunza kutofautisha daraja la kwanza na la pili. Walikuwa na adabu, hilo nakiri. Bajeti za halmashauri za huku ndizo zilizoyumba.

Kilichobaki ni mapato ya viwandani na gesi, na hapo ugomvi wa mji na kijiji unakuwa wa kuchekesha kama usingekuwa na machozi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, iko Msimbati. Mtambo wa kuisafisha uko Madimba. Zote mbili ziko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, si manispaa. Lakini mwaka 2013, watu walipoandamana kwamba gesi haitoki, waliochomewa, waliopigwa mabomu ya machozi na waliolala porini kwa woga wengi walikuwa wa Mtwara Mjini. Mwezi Mei ule, bajeti ya nishati iliposomwa, maduka yalifungwa mjini. Bomba likajengwa mpaka Dar es Salaam, likazinduliwa Oktoba 2015. Ushuru wa huduma, wakati huo asilimia 0.3 ya mauzo, unakwenda kwa halmashauri yenye uzalishaji ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo mji ulioandamana haukuwa na dai la moja kwa moja, na kijiji chenye kisima kilikuwa na dai lakini ofisi za kampuni, hoteli za wataalamu na wapangaji wa nyumba za bei kali walikuwa mjini. Kilwa nao wanajua habari hii kwa gesi ya Songo Songo.

Kiwanda cha saruji cha Dangote pia kiko upande wa wilaya, pale Hiari, ingawa kila mtu anasema "kiwanda cha Mtwara". Malori yake yanapita barabara za wote. Vumbi halina halmashauri.

Halafu ile asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne, mbili. Mikopo ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata. Asilimia kumi ya kidogo ni kidogo. Kikundi cha akina mama wa ng'ambo ya barabara kinagombea fungu la halmashauri inayotegemea korosho. Kikundi cha mke wangu kinagombea fungu la mji. Wote wanauza samaki wa kukaanga kwenye senta moja. Mwaka korosho zikipata bei, wake wa ng'ambo wanatucheka. Mwaka mbaya, wanataka kujiandikisha kwetu kwa anwani ya shemeji.

Nisije nikaonekana kama mtu anayelilia zamani. Mji una mambo yake. Mtwara ilikuwa kwenye mradi wa miji mkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Arusha, Tanga, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Kigoma. Barabara za lami zenye taa na mitaro zilikuja kwa njia hiyo. Wilaya ya jirani haikuwa na mradi wa namna hiyo kwa sababu haikuwa mji. Diwani yeyote mwenye akili ataona kwamba kupandishwa hadhi ni njia ya kufika mezani. Anachosahau ni kwamba kuna meza nyingine anaondoka. Umeme vijijini ni wa REA, wakala wa nishati vijijini. Maji vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kamati za watumia maji tunazozichagua wenyewe. Mjini ni mamlaka ya maji na bili. Ukihamishwa siku moja kutoka orodha hii kwenda ile, kuna miaka ambayo hauko kwenye orodha yoyote. Bomba la kijiji limeharibika, RUWASA wanasema eneo si lao tena, mamlaka ya mji inasema mtandao wake haujafika. Kisima chetu kilipata umaarufu upya.

Binamu yangu, binti wa mjomba, hakubaliani nami hata kidogo. Aliuza kiwanja kimoja akajenga nyumba ya wapangaji wanne. "Kaka, wewe unalilia mkutano. Kwenye mkutano ule nilisimama mara ngapi wakaniambia nikae, wazee wanaongea?" Sikuwa na jibu zuri na sina mpaka leo. Ni kweli mkutano wa kijiji ulikuwa wa wanaume wenye sauti. Ni kweli hati ya kiwanja ina jina lake peke yake, na hakuna mjomba anayeweza kuja kuidai. Nilichomwambia ni kwamba yeye aliuza mapema, kabla watu wa mbali hawajajaa, na kwamba wapangaji wake wote wanne ni watumishi wa halmashauri ya wilaya.

Hilo nalo linahitaji kuelezwa. Mwaka 2019 agizo lilitoka kwamba halmashauri za wilaya zilizokuwa zinakaa mjini zihamie kwenye maeneo yao. Agizo zuri. Ofisi zikahama, mafaili yakahama, mabango yakapigwa. Watumishi wengi hawakuhama. Kule hakuna nyumba za kupanga zenye choo cha ndani, hakuna shule ya kumpeleka mtoto. Asubuhi wanakwenda kazini kijijini, jioni wanarudi mjini. Mshahara unaolipwa kwa ajili ya kijiji unanunua mchele mjini, unalipa kodi ya nyumba kwa binamu yangu, unanywesha soda mitaa ya mjini. Wilaya inatoza ushuru wa korosho kuendesha ofisi, na ofisi inaendesha uchumi wa jirani. Sijaona hotuba ya diwani yeyote iliyoligusa hili, pengine kwa sababu na wao wanaishi hukohuko.

Sasa maneno yameanza tena. Inasemekana mpaka utavuka barabara ya vumbi. Kijiji cha ng'ambo, ambacho kilituona tukilipa laki tatu, kimekaa chonjo. Vijana wao walikuja kwangu kwa kuwa nimekaa na makaratasi, wakataka niwaandalie maswali ya kuuliza kamati itakapofika. Nikawaambia waache maswali ya kama wanataka maendeleo. Waulize ardhi ambayo haijagawiwa kwa mtu, pamoja na msitu wao mdogo wa kijiji, itakuwa ya nani siku kijiji kinapofutwa, na wataandikiwa wapi. Wakitaka, waigawe na kuipimia hati za kimila kabla, wakati mkutano wao bado una nguvu. Waulize mali za kijiji, shule yao ina shamba, zahanati yao ilijengwa kwa michango, zitahamia kwa nani na kwa maandishi gani. Waulize bomba la maji litakuwa la nani kuanzia siku ya tangazo kwenye Gazeti la Serikali, si kuanzia bajeti ijayo. Waulize nguzo. Na akina mama waulize wenyewe, kwa vinywa vyao, jina la nani litakuwa kwenye kiwanja. Hilo niliwaambia kwa heshima ya binamu yangu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kamati hawatalitaja, na mimi nalijua kwa sababu ya kazi yangu. Ghala la AMCOS liko upande wao wa barabara, hatua chache tu kutoka mpakani. Mpaka ukisogea, ghala linaingia mjini, na ushuru wa asilimia 3 wa vijiji kadhaa ambavyo havikuguswa na ramani yoyote utaanza kuingia akaunti nyingine. Halmashauri ya wilaya imeliona. Ya mji imeliona pia. Kwa nyakati tofauti wote wawili wametuma watu kuomba leja za misimu iliyopita, kilo kwa kilo, kijiji kwa kijiji. Leja ziko kwa karani aliyechukua nafasi yangu, na bodi ya chama imemwambia asimpe mtu bila barua.